Daraja la treni ya bustani limepasuka katikati ya tao: shida ni simiti, ni uzito, ama ni udongo?

*"Habari Injinia. Niko Nyamasaria hapa Kisumu, nimestaafu na sasa najenga reli ndogo kwa bustani, ya hizi treni zenye reli ya upana wa mm 45, wajukuu wanaipenda kabisa. Mwaka jana nilijenga daraja la mawe la tao moja juu ya mfereji mdogo wa maji ya mvua. Kutoka mguu hadi mguu ni sm 60, na kilele cha tao nilikiweka chini, sm 15 tu, ndio reli isipande sana. Mawe ni ya Kisii, simiti nilichanganya kali, moja kwa mbili. Masika ilipoisha na jua likaanza kuwaka, ufa ukatokea chini ya tao pale katikati. Nikaziba na simiti, ukarudi, na sasa kuna nyufa zingine ndogo upande wa juu, kushoto na kulia. Fundi mmoja anasema simiti ilikuwa dhaifu, nibomoe nirudie na vyuma ndani. Mwingine anasema injini yangu ni nzito, ina kilo 4. Kijana wangu ananiambia niachane na mawe, nimwage zege tu nichore mistari juu. Sitaki kubomoa kama hakuna haja. Nifanye nini?"*

Mzee, asante kwa kueleza vizuri hivyo, maanake umenitajia nyufa ziko wapi na zilitokea lini, na kwa daraja la tao hayo mawili ndiyo karibu kila kitu. Unauliza kama ubomoe, na kama kosa ni la simiti ama la injini. Kwa vile ulivyoeleza naona simiti haikuwa dhaifu, tena ilikuwa kali kupita kiasi, injini haina hatia kabisa, na kubomoa tusikimbilie. Kilichofanyika ni kwamba miguu ya daraja lako imeachana. Imesogea kidogo tu, pengine milimita mbili tatu, lakini tao halihitaji zaidi ya hapo ndio lipasuke.

Wacha nikueleze kwa nini nasema hivyo bila hata kuliona. Tao la mawe halishikwi na simiti, linashikwa na mawe kubanana, kila jiwe linasukuma mwenzake na msukumo unateremka hadi chini kwa miguu, na ukifika chini hauendi chini peke yake, unaenda pia kando, kwa nje. Ni kama mtu amesimama miguu wazi kwa sakafu yenye sabuni, asipozuiwa nyayo atazidi kupanuka. Sasa miguu ikienda nje, tao linalazimika kufunika nafasi kubwa kuliko ile lilichongewa, kwa hivyo linashuka kidogo katikati. Likishuka, mawe ya kilele yanafunguka upande wa chini, na kule mabegani, kati ya kilele na mguu, yanafunguka upande wa juu. Ufa mmoja chini katikati, nyufa mbili juu pembeni, ndiyo hasa picha uliyonipa. Kama miguu ingekuwa imesukumwa kwa ndani ungeona kinyume chake, katikati ufa ungekuwa juu na pembeni zingekuwa chini. Na kama ni mguu mmoja umezama mara nyingi nyufa zinakaa upande mmoja, hazilingani hivi.

Hiyo ya injini tuimalize haraka. Daraja la kutoka mguu hadi mguu sm 60, pana sm 15 hivi, ukihesabu mawe na kile ulichojaza juu yake, linabeba uzito wake lenyewe wa kama kilo 24. Kilo 4 zinazopita na kuondoka si kitu hapo. Endelea kuendesha treni, wajukuu wasinyimwe.

Lakini kuna kitu ulifanya bila kujua ambacho kiliongeza shida, nacho ni kuliweka tao chini. Tao likiwa bapa linasukuma kando zaidi. Hesabu yake si ngumu: chukua uzito kwa kila mita, zidisha na umbali wa miguu, kisha zidisha na umbali huo huo tena, halafu gawanya kwa kimo cha tao mara nane. Tuseme daraja lako ni kilo 40 kwa mita. 40 mara 0.6 mara 0.6 ni 14.4, ugawe kwa 8 mara 0.15 ambayo ni 1.2, unapata msukumo wa kilo 12 kila upande. Lingekuwa nusu duara kamili, kimo sm 30, msukumo ungekuwa kama kilo 6, nusu yake. Kilo 12 si nyingi, mtoto anaweza kuzizuia na mkono, lakini zinasukuma mchana na usiku hazichoki, na udongo wako haukai mahali pamoja.

Na hapa ndipo penye kiini. Nyamasaria na sehemu kubwa ya uwanda wa Kano ni ule udongo mweusi watu wanaita blak koton. Unaujua kuliko mimi, mvua ikinyesha unavimba na kushika gambuti, jua likiwaka unajikunja na kupasuka mpaka unaweza kuingiza mkono kwa nyufa zake. Wakati wa masika udongo ulikuwa laini, mguu ukasogea kidogo. Kiangazi kikaja, udongo nyuma ya mguu ukajikunja ukaacha nafasi, na tao kwa vile linasukuma muda wote likaufuata huo mwanya. Mvua ikirudi udongo unavimba tena lakini si kila kitu kinarudi pale kilipokuwa, changarawe na takataka zishaingia kwa ufa. Ndio maana ulipoziba na simiti ulirudi. Uliziba ufa, hukuzuia mguu.

Wengi wanaojenga hivi vitu wanafuata video za Uingereza na Ujerumani, na kule wanasisitiza kuchimba msingi ukwepe barafu, maanake maji yakiganda ardhini yanainua msingi. Sisi hatuna barafu hapa Kisumu. Adui wetu ni udongo unaolowa na kukauka, na dawa yake ni tofauti, kwa hivyo usishangae nikikupa maelekezo ambayo hukuyaona huko.

Kabla hujagusa kitu hakikisha kwanza mimi siko kando. Chukua kisu chembamba ama waya, ingiza nyuma ya kila mguu pale jiwe linapokutana na udongo, ukipata inaingia bila kuzuiwa, basi jibu ndilo hilo. Halafu pima umbali kati ya miguu chini kabisa na pia juu pale tao linapoanzia, andika kwa daftari na tarehe. Paka kipande chembamba cha plasta ya jasi kukatisha ufa wa katikati, kitu cha upana wa vidole viwili, andika tarehe juu yake na penseli. Plasta haivutiki, ufa ukisogea hata nywele itakatika na utaona. Fuatilia mwezi mmoja ama zaidi, hasa kukiwa na mvua katikati.

Na usilale na wasiwasi kwamba daraja litaanguka kesho. Tao likipasuka sehemu tatu linakuwa na viungo vitatu, yaani mahali pa kujikunja kama bawaba, na tao la viungo vitatu linasimama vizuri tu, kuna madaraja makubwa yamejengwa makusudi hivyo. Kinacholiangusha ni kiungo cha nne. Kwa hivyo ukiona ufa mpya wa nne, labda pale tao linapokutana na mguu, hapo simamisha treni na uweke mbao chini ya tao siku hiyo hiyo.

Sasa twende kwa yule fundi wa vyuma. Sio kwamba vyuma ni vibaya, ila si hapo. Mawe yako ni madogo, chuma kikipita kwa maungio kitafunikwa na simiti ya milimita chache tu, maji yatakifikia, kitashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo itayapasua mawe kutoka ndani. Baada ya misimu michache utakuwa na nyufa nyingi kuliko sasa. Chuma mahali pake ni chini, kwa msingi, nitakuja hapo.

Na ile moja kwa mbili. Jiwe la Kisii ni laini, ndio maana wachongaji wa Tabaka wanalikata na msumeno na kulisugua na msasa. Ukilifunga na simiti ngumu kuliko lenyewe, daraja likitaka kusogea kidogo, simiti inakataa na jiwe ndilo linavunjika. Unataka kinyume, maungio yawe dhaifu kuliko jiwe ndio ufa upite kwa maungio, huko ni rahisi kutengeneza. Mchanganyiko ninaoupenda ni simiti moja, chokaa moja, mchanga laini sita. Chokaa utapata kwa hadiwea, na huko kwenu Koru ndiko inatoka. Ila kuwa makini hapa: uliza chokaa ya ujenzi, ile iliyochomwa ikazimwa na maji, usipewe chokaa ya shambani ya kupunguza asidi kwa udongo. Ile ya shamba ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haishiki kitu, utangoja mpaka mwaka uishe. Hii ya ujenzi nayo inachoma macho na ngozi, vaa glavu na miwani, na wajukuu wakae mbali wakati unachanganya.

Basi ufanye nini. Kwa vile hutaki kubomoa, mimi ningeanza kwa kuifunga hiyo miguu pamoja huko chini. Chimba kitako cha mfereji kati ya mguu na mguu, upana ule wa daraja, ushuke mpaka ufikie msingi wa kila upande. Kama msingi ni zege toboa mashimo mawili kila upande, safisha vumbi, ingiza vyuma vya mm 8 na uji wa simiti, viunganishe katikati kwa waya vikiwa vimepishana angalau sm 40, halafu mwaga zege la unene wa sm 10 livifunike pande zote. Ukimaliza una ukanda mmoja wa zege unaoshika nyayo zote mbili, hazitaachana tena hata udongo ufanye nini, na maji ya mvua yanapita juu yake vizuri, hata hayatachimba mfereji. Hiyo kazi ifanye udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, usiifanye wakati ardhi imepasuka kwa ukavu wala ikiwa tope. Na kabla hujachimba weka mbao chini ya tao na kabari mbili mbili, zigonge polepole mpaka ziguse tu, usijaribu kulisukuma tao lirudi juu.

Zege likikaa wiki moja likilowanishwa kila siku, ndio sasa urudi kwa nyufa. Kwangua ile simiti kali uliyozibia, ingia ndani kama sm 2, lowesha mawe, jaza ule mchanganyiko wa chokaa ukisukuma na kipande cha bati. Ngoja wiki mbili kisha legeza kabari kidogo kidogo. Utapoteza uzuri kidogo pale katikati, siwezi kukuficha, lakini ukiipa muda, mawe yakizeeka hakuna atakayeona.

Kama huo ukanda hautasaidia, ama ukichimba ukute hakuna msingi wa maana, hapo ndio ninasema jenga upya, na ukijenga upya usiweke misingi miwili. Weka slabu moja tu chini ya daraja lote na izidi kidogo kila upande. Toa ule udongo mweusi kama sm 40, jaza maramu ukishindilia kwa tabaka za sm 10, kisha slabu ya sm 10 yenye wavu wa BRC katikati. Udongo utavimba na kushuka kama kawaida yake, hilo huwezi kulizuia, lakini daraja zima litapanda na kushuka kwa pamoja na tao halitajua. Reli ndiyo itahitaji kurekebishwa pale inapoingia darajani, mara moja kila baada ya masika, unainua mataruma na kuongeza kokoto chini, kazi ya asubuhi moja.

Na ukirudia, lipe tao kimo kama nafasi ipo. Tuchukue nusu duara la sm 60, mawe ya tao ya kimo cha sm 4. Ukitumia mawe 31 (idadi iwe witiri ndio upate jiwe moja la kufunga katikati), kila jiwe liwe na sm 2.9 upande wa chini na sm 3.3 upande wa juu, na maungio ya milimita moja na nusu. Kata kiolezo kimoja cha bati ukichoree mawe yote, usikadirie kwa macho. Kuta za juu ya tao mawe yake yawe na kimo cha mm 13 hadi 20, maanake mawe ya daraja halisi ya sm 30 hadi 45 ukiyagawa kwa 22.5 (treni yako ni ndogo mara 22.5 kuliko ya kweli) unapata hapo, na macho ya watu yanagundua mara moja mawe yakiwa makubwa kupita kipimo. Acha sm 18 hivi kati ya kuta za juu, lakini pima behewa lako refu kwanza, haswa kama daraja liko kwa kona, kwa sababu katikati ya behewa inaingia ndani na ncha zinatoka nje. Nyuma ya kuta weka tundu za maji, mirija midogo inatosha, maji yasikae juu ya tao.

Ile fomu ya mbao inayoshikilia tao kwa chini wakati wa kujenga, usiwe na haraka kuitoa. Daraja la reli la Maidenhead kule Uingereza, la injinia Brunel, lilikuwa na matao mawili bapa ya matofali, kila moja karibu mita 39. Mwaka 1838 mkandarasi alilegeza fomu mapema, simiti haijashika, tao moja likapinda, ikabidi lirekebishwe. Lilitengenezwa na treni bado zinapita hapo mpaka leo.

Kuhusu kijana wako na zege lake, usimkasirikie, hoja anayo. Glenfinnan kule Scotland, matao 21, lilijengwa kwa zege tupu bila vyuma kati ya 1897 na 1901, miaka ile ile reli yetu ilikuwa inatoka Mombasa kuja Kisumu, na hakuna anayeliita daraja bandia. Zege lenye wavu ndani lililofunikwa na mawe membamba ya sm 1 ndilo rahisi zaidi kwa udongo wako, kama unataka kitu cha kusahau. Lakini mimi naona umeanza na mawe ya kweli, na kipimo chako kinastahili: reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, ukigawa kwa 22.5 unapata mm 44 na kidogo, kwa hivyo hiyo reli yako ya mm 45 ndiyo reli ya Kisumu yenyewe ikiwa ndogo. Ukitaka mfano wa daraja la mawe la reli ya mita moja angalia picha za Landwasser kule Uswisi, la mwaka 1902, matao sita, kimo mita 65. Huku kwetu kutoka Mau kushuka ziwani walitumia chuma kuvuka mabonde, kwa hivyo hilo lako litakuwa ni la kuwazia, na sioni ubaya.

Jambo la vumbi silipiti. Mawe ya Kisii ukiyakata makavu na grainda yanatoa unga mweupe mwembamba unaoingia mapafuni na hautoki. Kata na msumeno wa mkono huku unamwagia maji, ama loweka mawe kwanza, vaa barakoa nzuri sio ile ya kitambaa, na unga ukikauka usiufagie, upanguse na kitambaa kibichi. Umri wetu huu mapafu tuyatunze. Kikohozi kikikaa zaidi ya wiki mbili nenda hospitali na uwaambie kabisa kwamba umekuwa ukikata mawe.

Mwisho, kuna mambo hayafai kujibiwa kwa maandishi. Ukiona nyufa za namna hii pia kwa ukuta wa nyumba ama wa ploti, hasa zinazopanuka kiangazi na kufunga wakati wa mvua, hilo halihusu treni tena, tafuta injinia wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi aje aone kwa macho. Vilevile kama huo mfereji unabeba maji ya majirani kutoka juu, waulize kwanza kabla hujamwaga zege kwa kitako chake, kwa sababu Nyamasaria mafuriko mnayajua, na sm 10 za zege kwa mfereji mwembamba zinaweza kurudisha maji kwa mlango wa mtu. Kama ni hivyo chimba zaidi, ukanda ukae chini ya kitako cha sasa. Na ukipanda maua karibu na daraja usiweke mgomba wala mkaratusi, inanyonya maji ya udongo upande mmoja na kuukausha, utarudi pale pale. Plasta ikikaa mwezi bila kukatika, nitumie vile vipimo vya daftari, cha chini na cha juu, nikuambie kama kuna haja ya kuchimba ama utaziba nyufa tu na chokaa.